Jiwe la Ilesi na Dhana ya Ibada ya Sanamu katika Biblia

Katika barabara itokayo Kakamega kuelekea Kisumu, pale Ilesi, umesimama mwamba wa kimo cha takriban mita 40, unaotiririsha maji mfano wa machozi. Masimulizi yanayojulikana zaidi humtaja binti aliyekatazwa kuolewa na ampendaye, akalia hata akawa jiwe. Hakuna mungu katika masimulizi hayo. Hata hivyo, mwamba huo hutajwa mara kwa mara panapozungumziwa upagani wa mababu, kana kwamba heshima yoyote kwa jiwe ni ibada ya sanamu. Je, Biblia yenyewe yasemaje?

Tuanze na lugha. Neno "sanamu", lenye asili ya Kiarabu, halina hatia katika Kiswahili: huweza kuwa mdoli wa mtoto, picha, au kinyago cha mapambo. Ndiyo maana tafsiri ya Biblia hulazimika kuongeza "ya kuchonga" au "ya kusubu". Lenye kuvutia zaidi ni neno "mungu". Katika umoja huchukua upatanisho wa kiumbe hai: Mungu mmoja, Mungu anasikia. Katika wingi, tafsiri ya Muungano husema "miungu mingine", si "miungu wengine". Sarufi yenyewe, kwa makusudi au la, imewashusha hao wengi wakawa vitu. Ni hoja ileile ya Isaya 44, ambapo fundi anautumia mti mmoja kupikia chakula, kisha anakisujudia kipande kilichosalia.

Lakini si kila jiwe linalolaumiwa. Katika Mwanzo 28 Yakobo anasimamisha jiwe Betheli na kulimiminia mafuta, wala hakemewi. Katika Yoshua 4 mawe 12 yanawekwa Gilgali yawe ukumbusho. Kinyume chake, Kumbukumbu la Torati 16:22 inakataza kusimamisha nguzo. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu anavunjwa na Hezekia (2 Wafalme 18:4), kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba haikubadilika, waliobadilika ni watu.

Sasa turejee magharibi mwa Kenya. Günter Wagner, katika utafiti wake kuhusu Walogoli na Wabukusu ulioanza kuchapishwa mwaka 1949, alieleza sadaka zilizotolewa kwa mizimu ya wazee waliokufa, na mawe yaliyotengwa kwa shughuli hiyo. Mawe hayo hayakuchongwa kwa sura ya mtu wala mnyama, na hayakuwa yenyewe ndiyo yanayoombwa. Juu ya mizimu alikuwako Muumba, Were au Nyasaye, ambaye hakuwa na umbo. Biblia ya Kilogoli, iliyokamilika mwaka 1951, humwita Mungu kwa jina hilohilo la Nyasaye. Wafasiri wake wasingeweza kulitwaa jina hilo kama wangeamini kwamba ni la sanamu.

Hii haina maana kwamba mababu hawana mashtaka ya kujibu mbele ya Biblia. Kumbukumbu la Torati 18:11 inakataza kuwaomba wafu ushauri, na hapo ndipo hoja ya msomaji mkali ingepata nguvu. Ila hilo ni katazo jingine, lenye jina lake. Anayeyachanganya makatazo hayo mawili humwita babu yake mwabudu sanamu ilhali hakuwa na sanamu hata moja. Utata huo uliwahi kuwa na gharama kubwa: Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyochukua jina lake katika neno la Kibukusu linalohusu mizimu, ilipigwa marufuku mwaka 1948, ingawa bila shaka siasa ya ukoloni ilichangia zaidi kuliko teolojia.

Wakolosai 3:5 inauhamisha mjadala mbali kabisa na mawe: tamaa ya mali nayo inaitwa ibada ya sanamu. Kwa kipimo hicho, maduka ya mjini Kakamega yangestahili kuchunguzwa kabla ya mwamba wa Ilesi.