Elimu Nayo Ina Daftari Lake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kuutumia katika mambo ya duka, lakini mimi naona elimu inaustahiki zaidi. Mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeweza kuandika alichokisoma, na kueleza amekitoa wapi, ni sawa na mwenye duka asiyejua anamdai nani na anadaiwa na nani.

Ndiyo sababu vyuo huwaandalia wanafunzi warsha za uandishi wa kitaaluma. Haja yake ilizidi baada ya kanuni za mwaka 2014, ambapo Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala mbili katika majarida ya wataalamu.

Nilipata kukaa katika warsha moja ya namna hiyo huko Githongo, mji mdogo wa Meru kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nchi ya majani chai na kahawa. Kila mwanafunzi alikuja na kurasa mbili alizoziandika mwenyewe. Akatakiwa kwanza aseme kwa sentensi moja anauliza nini. Na hapo wengi wakakwama. Kisha wakabadilishana karatasi, na kila mmoja akapiga mstari chini ya neno ambalo mwenzake hakutaja amelipata wapi. Karatasi zilizosalimika zilikuwa chache.

Kwa watu wa Githongo jambo hili si gumu kufahamika. Mkulima wa chai ana namba yake, na majani aliyochuma hupimwa kituoni yakaandikwa kwa namba hiyo kabla ya kuchanganywa na ya wenziwe kiwandani. Lau yangechanganywa kabla ya kupimwa, nani angejua jasho ni la nani?

Na sisi Waislamu tuna mizani yetu ya tangu zamani. Hadithi haipokelewi mpaka ijulikane isnadi yake: nani kaipokea kwa nani, na mtu huyo alikuwa mkweli kiasi gani. Mwanachuoni naye akimpa mwanafunzi wake ijaza, humtajia silsila ya masheikh wake. Mambo yanayoitwa marejeo katika vyuo vikuu hayapaswi kuwa mageni kwetu. Kumtaja mwenye neno ni amana.

Lakini ndugu msomaji, amana hii imeingia doa. Kwa vijana wengi wa Kenya, maneno "uandishi wa kitaaluma" yamekuwa na maana ya kibarua: kuandika kazi za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, wapate ujira, na jina liwe la mwingine. England ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuwashtaki wanaouza huduma hiyo kwa wanafunzi wa huko. Mwaka 2024 ikatoka filamu iitwayo The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford akiwachunguza vijana hao.

Siwalaumu kwa njaa yao. Kazi ni adimu, na kodi ya nyumba haingoji. Linalonisikitisha ni kuwa akili zinazoweza kumpatia mgeni shahada hazina hata makala moja yenye jina la mwenyewe. Warsha inamrudishia kijana jina lake.

Mwaka 2013 vilipata hati Chuo Kikuu cha Pwani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Basi mzazi wa pwani na mzazi wa Githongo wamo katika safari moja. Mwanao akirudi likizo, usiridhike na habari za mitihani tu. Keti naye, umwulize: haya umeyapokea kwa nani, na yaliyo yako mwenyewe ni yapi? Akikujibu bila ya kubabaika, ujue karo yako haikwenda bure.