Je, Wajua? Flashi, Shata na Jua la Gitega

Je, wajua kwamba shata ikiwekwa 1/4000 ya sekunde, mapazia yake hayakimbii zaidi ya kawaida? Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zina mapazia mawili: la kwanza hufungua, la pili hufuata likifunga. Kila moja huvuka kihisi kwa takriban 1/250 ya sekunde, uchague kasi uitakayo. Ukiongeza kasi, la pili huondoka mapema tu, na kati yao hubaki mwanya mwembamba unaotembea. Flashi ikiwaka wakati huo huangaza mwanya peke yake. Kwingine hubaki ukanda mweusi.

Je, wajua kikomo cha kamera yako, yaani kasi ya juu kabisa ambayo flashi bado huangaza picha nzima? Canon 6D ni 1/180, Nikon D850 ni 1/250. Zenit-E, ile nzito ya Kisovieti, iliishia 1/30!

Je, wajua kwamba Gishora, karibu na Gitega, kikomo hiki kinauma kuliko studio yoyote? Ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingia orodha ya UNESCO mwaka 2014, hupigwa uwanjani, juani, na wachezaji wanaruka juu hasa. Gitega iko nyuzi 3 na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita husimama utosini na macho ya mtu huzama kivulini. Flashi inahitajika mchana kweupe. Sasa piga hesabu: jua kali, ISO 100, kasi 1/200, tundu la lenzi linataka f/11. Ukitamani f/2.8 ili nyuma kufifie, jua linadai 1/3200, na flashi ya kawaida haifiki huko. Zipo flashi zinazomemeteka mfululizo mwanya unapopita, lakini nguvu yake hupungua sana, basi lazima umsogelee mpigaji ngoma. Mimi ningechagua kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mara 16, nibaki na 1/200 yangu. Ila aliyeruka anaweza kutoka na ukungu, maana jua nalo linamchora.

Je, wajua kwamba ukumbini mambo hugeuka? Kwenye harusi ya usiku Muyinga, taa zikiwa hafifu, 1/60 inatosha kumgandisha anayecheza. Kinachomgandisha ni flashi yenyewe, ambayo ikipunguzwa nguvu huwaka chini ya 1/10000 ya sekunde.

Je, wajua kwa nini ukanda mweusi huwatokea zaidi wenye viwashio vya redio vya bei rahisi? Flashi ya kamera husika huizuia kamera kupita kikomo. Kiwashio rahisi hakiiambii kamera chochote, tena huchelewa kidogo. Hata 1/200 huweza kukata miguu ya bi harusi. Shuka hadi 1/160. Nje, jua huujaza ukanda huo ukawa kivuli tu, na wengi huuona picha zikishasafishwa.

Je, wajua kwamba Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, husoma kihisi chote kwa mpigo mmoja na kukubali flashi hadi 1/80000? Bei yake tuiache. Na simu yako? Kile ni kitaa cha LED kinachowaka muda wote wa picha, kwa hiyo ukanda huo hauna pa kutokea, wala mwanga wake haufui dafu mbele ya jua la Gishora.