Udongo wa Mtoni Wafaa Darasani

Tangu mtaala mpya wa umilisi ulipoanza kufuatwa katika madarasa ya chini ya shule za Kenya mwezi wa Januari 2019, wazazi wengi wamenung'unika kwa ajili ya gharama ya vifaa vya sanaa. Wana haki, karatasi za rangi na gundi za dukani si bure. Lakini mwalimu mwenye busara huuliza kwanza kijijini kuna nini.

Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, hutolewa mawe na mizizi, huloweshwa, kisha hukandwa hata ukawa laini kama donge la chapati. Mtoto akiisha kuumba ng'ombe wake, yapasa aanikwe kivulini siku kadhaa, wala si juani, kwa maana jua hukausha nje upesi kuliko ndani, na udongo hupasuka. (Pembe ndizo huvunjika kwanza.) Tena chombo chenye unyevu kikitiwa motoni hupasuliwa na mvuke.

Kadhalika kiazi kilichokatwa nusu na kuchongwa huwa muhuri mzuri; rangi yake ni masizi au manjano yaliyokorogwa katika uji mwepesi wa muhogo. Kisu na kishikwe na mwalimu.