Pikipiki za Tshopo na gharama ya ajali barabarani

Katika jimbo la Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pikipiki hushika kazi pale lori linaposhindwa kupita. Mjini Kisangani, baiskeli za teksi ziitwazo toleka ndizo zilizosafirisha watu na mizigo miaka ya vita, magari yalipoadimika. Baadaye pikipiki ndogo za India na China zikachukua nafasi yao. Wilayani Yahuma, kusini mwa Mto Kongo, mawese, mpunga na mahindi hutoka vijijini kwa pikipiki hadi kwenye maboti yanayopanda Kisangani. Ni biashara inayolisha familia nyingi, na inaua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021. Kanda ya Afrika, yenye asilimia 3 hivi ya magari ya dunia, ilibeba karibu moja ya tano ya vifo hivyo. Uchache wa magari, kwa hiyo, si kinga.

Chanzo cha kwanza cha ajali za pikipiki ni mzigo. Pikipiki iliyotengenezwa kwa watu wawili hufungwa madumu ya mawese na magunia kwa mipira ya tairi kuukuu, na pengine abiria akapandishwa juu yake. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi: usukani hautii, na breki ya mbele haishiki. Breki ya nyuma ikilowa maji ya dimbwi, dereva hubaki hana cha kumsimamisha kwenye mteremko unaoishia kwenye daraja la magogo.

Nyuma ya mzigo kuna hesabu ya siku. Madereva wengi hawamiliki pikipiki. Jioni lazima mwenye chombo apate fedha yake, na mafuta yanunuliwe kwa kadhafi, mchuuzi wa petroli wa kando ya njia. Faida hupatikana baada ya hapo, kwa safari za ziada, usiku na kwa mwendo wa kasi. Kumlaumu dereva peke yake ni kukwepa suala. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa asilimia 4 hivi. Kofia ngumu hupunguza sana vifo, lakini mara nyingi ipo moja, ya dereva, na abiria hana.

Barabara nazo zina mfuko wake: FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, ulioanzishwa mwaka 2008, hugharimiwa hasa na tozo ya mafuta. Kila lita anayonunua dereva wa Yahuma hutarajiwa kurudi kwake kama daraja au njia iliyochongwa. Njia za huko hazionyeshi hivyo.

Bima ya dhima kwa vyombo vya moto ni lazima kisheria tangu 1973, na ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, uliondolewa kwa sheria ya bima ya 2015. Hata hivyo, pikipiki nyingi hazina bima, hivyo fidia huishia kwenye mapatano ya familia. Majeruhi wa kichwa hupelekwa hospitali kwa pikipiki nyingine, ameshikiliwa na ndugu nyuma, kwenye njia ileile. Akifa, nyumba humpoteza mchumi wake. Akipona akiwa kilema, pikipiki huuzwa kulipia matibabu kama ni yake; kama si yake, mwenye chombo hutafuta dereva mwingine.