Machela ya Kigezi na Mfuko wa Wagonjwa

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za hospitali moja ya Kikristo iliyoko mbali na miji, katika milima ya Kigezi, pamoja na habari za wenyeji wake, ambao walikuwa wamekwisha kutatua sehemu moja ya shida ya ugonjwa kabla hospitali haijajengwa. Sehemu ya pili iliwashinda, wala daktari naye hakuiweza peke yake. Twaomba ninyi msomao, na hasa ninyi wanafunzi mtakaowasomea wazee wenu jioni, mfuate habari hii polepole, kwa maana ina hesabu ndani yake.

Kigezi ni pembe ya Uganda iliyo kusini magharibi, inapopakana na Rwanda na Kongo. Nchi yenyewe ni milima mitupu, na mashamba yamepanda mpaka vileleni kama ngazi. Hewa ni ya baridi, watu ni wengi, na ardhi ni haba. Mtu aweza kumwona jirani yake ng'ambo ya bonde, wakaitana na kusikilizana, walakini kumfikia ni safari ya kushuka na kupanda hata jasho likamtoka. Katika nchi ya namna hiyo mgonjwa asiyeweza kutembea hawezi kufika kwa mganga kwa nguvu za nyumba yake tu. Mume na ndugu mmoja watamchukua mpaka bondeni, na hapo watachoka.

Kwa sababu hiyo watu wa huko wana desturi iitwayo engozi. Engozi ni machela iliyosukwa, yenye miti ya kushika, nayo huchukuliwa mabegani na wanaume wanne. Nyuma yao hufuata wengine wa kuwapokea, maana hakuna awezaye kupanda mlima mrefu chini ya mzigo ule bila kubadilishana. Lakini neno hilohilo engozi ni jina la chama cha watu waichukuao. Nyumba za kilima kimoja hujiunga, huwa na mkuu wao na orodha yao ya majina. Na kelele zikipigwa usiku kwamba fulani ameshikwa, kila nyumba hutoa mtu. Asiyefika bila udhuru hutozwa faini. Vyama hivi huzika wafu wao pia, na vingi huweka akiba na kukopeshana fedha. Hakuna mgeni aliyevianzisha, wala hakuna sheria ya Serikali iliyovilazimisha.

Ndiyo sehemu ya shida waliyokwisha kuitatua: kumfikisha mgonjwa. Sasa twende kwenye hospitali yenyewe.

Kazi ya Kikristo ya kuponya wagonjwa Kigezi ilianza Kabale mwaka 1921, walipofika madaktari wawili wa Church Missionary Society, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith. Mwaka 1931 Sharp alianzisha makao ya wenye ukoma katika kisiwa cha Bwama, ndani ya ziwa Bunyonyi. Karibu na hapo kuna kisiwa kingine kidogo sana, chenye majani tu, kiitwacho Akampene. Husimuliwa kwamba zamani msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliachwa hapo afe kwa njaa na baridi, isipokuwa mwanamume maskini asiye na mahari amwendee kwa mtumbwi na kumtwaa bure. Twalitaja jambo hili si kwa kuwatia aibu wazee wa Kigezi, maana hakuna kabila lisilo na ukatili wake wa zamani. Twalitaja kwa kuwa ndani yake mna umaskini: msichana yule alikuwa ameleta aibu, naam, lakini tena mahari yake ilikuwa imepotea, na kwa nyumba isiyo na mali ng'ombe waliotazamiwa ni jambo zito.

Mwana wa daktari yule, John Sharp, ndiye aliyeanzisha hospitali ya Kisiizi mwaka 1958, katika sehemu iitwayo leo wilaya ya Rukungiri. Mahali hapo palikuwa na kiwanda cha kitani kilichoachwa, kando ya maporomoko makubwa ya maji. Na juu ya maporomoko hayo wenyeji husimulia habari iliyo ndugu ya ile ya Akampene, kwamba wasichana wenye mimba waliletwa ukingoni na jamaa zao wenyewe wakasukumwa chini. Leo maji yaleyale huzungusha mashine ya umeme. Mwaka 2009 ilifungwa mashine mpya yenye nguvu ya karibu kilowati 300, na taa za chumba cha upasuaji, ambamo wanawake husaidiwa kuzaa, huwaka kwa nguvu ya maporomoko hayo. Umeme unaosalia huuzwa kwa majirani. Hospitali ni ya Kanisa la Uganda, katika dayosisi ya North Kigezi.

Basi machela ilikuwapo, na daktari akawapo. Kwa nini watu waliendelea kufa majumbani?

Hapa ndipo twapaswa kueleza jinsi umaskini na ugonjwa vinavyofungana, maana wengi hudhani ni mambo mawili yanayokutana kwa bahati mbaya. Chukueni mtoto mwenye homa ya malaria. Siku ya kwanza na ya pili dawa yake ni vidonge, na gharama yake ni ndogo. Mama hana fedha, au anazo za chumvi na sabuni tu, kwa hiyo angoja kuona kama homa itapoa yenyewe. Siku ya nne mtoto amepungukiwa damu, macho yake meupe, apumua kwa shida. Sasa atahitaji kuongezwa damu na kulazwa, na gharama imekuwa mara nyingi kuliko ile aliyoikwepa. Mbuzi auzwa kwa haraka, tena kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi ajua ni mbuzi wa ugonjwa. Mbuzi asipotosha, kipande cha shamba huwekwa rehani. Mwaka wa pili nyumba ile yavuna kidogo zaidi, watoto wala vibaya zaidi, na homa ikija yawakuta dhaifu. Mtoto mmoja ameacha shule. Sisi walimu twamjua huyo mtoto, kwa maana twaita jina lake asubuhi na hakuna aitikiaye.

Kwa mwanamke mwenye uchungu jambo ni la kutisha zaidi, kwa kuwa saa zake ni chache. Ikiwa kichwa cha mtoto kimekwama nyongani, kila saa kinapokaa hapo kinabana nyama laini za mama kwenye mfupa hata damu isipite. Nyama hiyo hufa. Mtoto naye hufa mara nyingi, na mama akipona hubaki na tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu, akatokwa na mkojo mchana na usiku bila kuuzuia. Huo ndio ugonjwa uitwao fistula, nao huwafanya wanawake wengi wafukuzwe na waume zao. Upasuaji uliofanywa mapema ungeuzuia wote. Lakini nyumba yenye hofu ya deni hukaa ikishauriana, na mashauri hayo ya fedha huchukua saa nyingi kuliko safari yenyewe ya mlimani. Wachukuzi wako tayari mlangoni, engozi imekwisha kuletwa, na mume bado ahesabu.

Upande wa hospitali nao una shida yake. Mtu aweza kusema: wao ni watu wa Mungu, na watibu bure. Ni neno jema, lakini dawa hununuliwa, wauguzi wana watoto wa kulisha, na mashuka huchakaa. Hospitali ya misheni ikitibu wote bure kwa muda mrefu bila msaada wa kudumu, kabati ya dawa hubaki tupu, na mgonjwa akaja kupewa maneno mazuri tu. Ikidai kila senti, maskini hawaji. Kwa miaka mingi misheni nyingi za Afrika ziliishi kwa sadaka za makanisa ya ng'ambo, nasi twaona kwamba jambo hilo, pamoja na wema wake wote, liliwazoeza watu kungoja.

Mwaka 1996 Kisiizi ilianzisha mfuko wa bima ya afya kwa watu wa vijiji vya jirani. Neno bima huwachanganya wengi. Maana yake ni kuchanga kabla ya shida, ili shida ikimpata mmoja alipiwe kutoka katika mchango wa wote. Tufanye mfano. Hesabu hii si ya Kisiizi, ni ya ubaoni tu. Nyumba 100 zakaa kilima kimoja. Kila mwaka nyumba 10 hupata mgonjwa wa kulazwa, na kila mmoja hugharimu shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 500,000. Zikigawanywa kwa nyumba zote 100, kila nyumba itatoa shilingi 5,000. Hiyo yaweza kupatikana kwa kuuza viazi au maharagwe wakati wa mavuno.

Lakini angalieni. Mfuko ukiwa wa hiari ya kila mtu peke yake, wenye afya watasema, Kwa nini nilipe? Wataingia wale wanaokohoa tayari, na wenye wake karibu kuzaa. Tuseme zimeingia nyumba 20 tu, na miongoni mwao zimo zile 10 zenye wagonjwa. Gharama ni ileile shilingi 500,000, na sasa kila nyumba yapaswa kutoa shilingi 25,000. Mwaka unaofuata zile zisizougua zatoka, mchango wapanda tena, na mfuko wafa. Mifuko mingi ya namna hii imekufa kwa njia hiyo, au imedumaa. Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania bara, ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii katika wilaya ya Igunga katika miaka hiyohiyo, nao ulipoenezwa wilaya nyingine watu waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotumainiwa.

Jambo lililofanywa Kisiizi ni kutomwandikisha mtu mmoja mmoja. Waliandikishwa kwa vyama vya engozi. Chama huingia kikiwa chama, na sehemu kubwa ya wanachama wake lazima iwemo. Twataka mlione hili vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yote. Watu wa engozi hawakujiunga kwa sababu ya kuumwa. Walijiunga kwa sababu ni majirani wa kilima kimoja, wazima na wagonjwa, wazee na vijana. Kwa hiyo mchanganyiko ule unaohitajiwa na hesabu ulikuwa umekwisha kufanyika tangu zamani, bila mtu kuukusudia. Orodha ya majina ilikuwapo. Mtunza fedha alikuwapo, tena mtu aliyejaribiwa katika fedha za mazishi. Na kila mwanachama alikuwa amezoea kulipa leo, kwa bega lake, kwa ajili ya mgonjwa asiye wa nyumba yake.

Mwanachama akija kutibiwa hutoa ada ndogo, na iliyosalia hulipwa na mfuko. Wako watu, hata Wakristo, waliosema kwamba kulipia ugonjwa kabla haujaja ni kuuita, au ni kukosa imani. Sisi hatuoni hivyo. Mtu achimbaye mfereji kuzunguka nyumba yake hakuiita mvua.

Mwaka 2001 Serikali ya Uganda iliondoa malipo katika zahanati na vituo vyake vya afya. Wagonjwa waliongezeka sana, hasa wale maskini, na hiyo ni dalili ya jinsi ada ilivyokuwa imewazuia. Ingedhaniwa kwamba mfuko wa Kisiizi utaachwa siku hiyo. Walakini dawa zilikosekana mara kwa mara katika vituo vya bure, na maskini wakaendelea kuzinunua madukani kwa fedha zao. Mfuko wa Kisiizi uliendelea zaidi ya miaka ishirini, ukahesabu wanachama makumi ya maelfu. Siku hizi barabara zimefika sehemu nyingi, na pikipiki huchukua wagonjwa wengi waliokuwa wakichukuliwa mabegani. Lakini vyama vingine bado vyaitwa kwa jina la machela, ijapokuwa kazi yao kubwa sasa ni akiba na mazishi.

Basi wako wasioingia katika hesabu hii. Mjane aliyehamia kutoka mbali, kijana aliyefukuzwa na jamaa zake, mtu mwenye ugonjwa wa akili ambaye hakuna anayemtaja kuwa wake, hawa hawana chama, na asiye na chama hana wa kumwandikisha. Wako tena wanachama ambao mwaka wa mavuno mabaya hata mchango mdogo huwashinda. Kwa ajili ya watu hao hospitali imeweka mfuko mwingine uitwao wa Msamaria Mwema, unaotiwa fedha za sadaka, nao huwalipia wale ambao wauguzi wameona kweli hawana kitu. Mfuko huo hutoa kadiri sadaka zilivyoingia, na mwezi sadaka zinapopungua wauguzi ndio wapaswao kukaa na kuchagua nani alipiwe.