Je, Wajua? Tuzo za Wanahabari wa Mashinani na Maofisa Habari

Je, wajua kwamba gazeti la kila wiki la mji mdogo liliwahi kulishinda kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan? Mwaka 1950 wanachama wa kundi hilo walipita na msafara wa magari katika mji wa Tabor City, North Carolina, nchini Marekani. W. Horace Carter, mhariri wa Tabor City Tribune, akaandika tahariri ya kuwapinga. Akatishiwa maisha, na gazeti likawa hatarini kukosa matangazo. Hakunyamaza: kwa miaka mitatu aliendelea kuwaandika wanachama hao, watu aliokutana nao mjini humohumo. Zaidi ya wanachama 100 wa kundi hilo walitiwa hatiani. Mwaka 1953 gazeti lake, pamoja na News Reporter la mji jirani wa Whiteville, yalipewa Pulitzer, tuzo ya Marekani ya uandishi wa habari, katika kipengele cha Utumishi kwa Umma. Tuzo hiyo ni medali ya dhahabu, na hupewa chombo cha habari chenyewe.

Mwaka 2017 Pulitzer ya uandishi wa tahariri ilikwenda kwa Art Cullen wa Storm Lake Times, katika jimbo la Iowa, Marekani, gazeti lililokuwa likiuza nakala 3,000 hivi. Kaka yake ndiye aliyekuwa mchapishaji, mke wa Art mpiga picha, na mwana wa Art mwandishi. Walitaka kujua ni nani aliyezilipia wilaya gharama za mawakili katika kesi ya uchafuzi wa mito, wakagundua mkono wa makampuni ya kilimo. Na Iowa ni jimbo la wakulima. Hao ndio wasomaji wao!

Huko India, gazeti la Khabar Lahariya lilianza mwaka 2002 wilayani Chitrakoot, Uttar Pradesh. Walioliandika ni wanawake wa vijijini, wengi wao Wadalit, yaani watu wa tabaka linalodharauliwa, na baadhi walikuwa ndio kwanza wamejifunza kusoma na kuandika. Waliandika kwa Kibundeli, lugha ya nyumbani kwao, habari za visima vilivyokauka na polisi wasiopokea malalamiko. Mwaka 2009 kazi hiyo ikapata tuzo ya UNESCO ya King Sejong ya kupambana na ujinga wa kutojua kusoma. Filamu iliyowahusu, Writing with Fire, iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2022, lakini wenyewe walitamka hadharani kwamba haikuwaeleza sawasawa. Nawaheshimu zaidi kwa hilo: hawakuruhusu sifa iwafumbe mdomo.

Maofisa habari wa serikali nao wana tuzo zao, na nionavyo mimi, iliyo bora ni ile inayopima kama mwananchi ameelewa. Miaka ya mwisho ya 1990 Al Gore, Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa akiwatuza watumishi wa serikali walioandika upya barua na kanuni ngumu kwa maneno mepesi. Uingereza wana tuzo ya kinyume: tangu 1980 kampeni ya Plain English, inayopigania Kiingereza chepesi, hutoa Golden Bull kwa maandishi yasiyoeleweka, na idara za serikali zimewahi kuipata.

Hapa Tanzania ipo tuzo yenye jina la Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa. Aliuawa kazini tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi. Mwaka 2016 askari polisi mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kumuua bila kukusudia. Muungano wa klabu za waandishi wa habari nchini, UTPC, ndio ulioianzisha tuzo hiyo. Mwaka 2013 ilitunukiwa Absalom Kibanda, mwenyekiti wa wakati huo wa Jukwaa la Wahariri, aliyekuwa ameshambuliwa usiku nje ya nyumba yake mwezi Machi mwaka huohuo na kupoteza jicho.