Alizeti Mwitu: Mbolea Iotayo Ukingoni mwa Shamba

Wakulima wa Garissa walimao kando ya Mto Tana hupata maji kwa pampu, na kwa maji hayo hustawisha ndizi, maembe, papai na nyanya. Lakini maji peke yake hayatoshi. Udongo uliopandwa kila msimu huchoka, na mbolea ya dukani ni ghali. Kwa hiyo yafaa mkulima aujue mmea mmoja ambao wenzake wa magharibi mwa Kenya wameutumia kwa faida, na tena aijue hatari yake.

Mmea huo ni alizeti mwitu, ambao wataalamu huuita Tithonia diversifolia. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, nao ni wa jamaa moja na alizeti ya mafuta. Waluhya huuita maua malulu, maana yake maua machungu.

Kuutambua si vigumu. Ni kichaka chenye kimo cha mita 2 hata 3. Jani lake limegawanyika sehemu 3 au 5 kama vidole vya mkono, na ladha yake ni chungu sana. Ua lake ni la manjano iliyokolea, lafanana na alizeti ndogo, na nyuki hulipenda.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kilimo waliupima huko Maseno. Waliona ya kuwa katika kila kilo 100 za majani makavu mna naitrojeni kilo 3 na nusu hivi, na potasi kilo 4 hivi. Majani haya huoza upesi, hata baada ya juma moja karibu nusu ya naitrojeni yake imekwisha kutoka na kuingia udongoni.

Kuupanda ni kazi rahisi. Mkulima hukata vipande vya shina lililokomaa, kila kimoja sentimita 30, akavichomeka ardhini kwa mshazari ukingoni mwa shamba, akavinywesha maji mpaka vishike. Huko Maseno mvua ni nyingi. Mvua ya Garissa haifiki hata nusu yake. Basi asiye na maji ya mto asijisumbue kuupanda.

Mmea ukifika kimo cha mtu, hukatwa majani na vitawi laini. Hivyo hukatwakatwa kwa panga na kufukiwa udongoni kwa jembe siku chache kabla ya kupanda. Kitalu cha mita 10 kwa 10 chahitaji kilo 250 hivi za majani mabichi, maana sehemu kubwa ya uzito wake ni maji tu. Mzigo huo ni mkubwa. Ndiyo sababu wakulima wa magharibi waliona faida zaidi katika sukuma wiki na nyanya, ambazo huuzwa kwa bei nzuri, kuliko katika mahindi.

Yafaa ijulikane pia kwamba mmea huu hautengenezi naitrojeni kutoka hewani kama afanyavyo kunde. Huikusanya kutoka ardhini. Ukingo ukatwao kila mara nao huchoka, basi hauna budi kupumzishwa. Na mwenye samadi ya mbuzi karibu na shamba lake asiiache. Aichanganye na majani haya.

Sasa hatari yake. Watu wa Tana wameonja uchungu wa mgeni asiyechungwa. Katika miaka ya 1980 mathenge ilipandwa Bura ili watu wapate kuni. Mifugo ilikula maganda yake na kueneza mbegu, mafuriko yakazichukua, na mti ukafunga malisho na njia za kwendea mtoni. Huko Baringo, ambako nako ulipandwa, wenyeji walikwenda mahakamani mwaka wa 2006 kwa sababu yake, na mwaka wa 2008 Serikali ikautangaza kuwa gugu baya.

Alizeti mwitu nayo imeenea pasipotakiwa katika nchi nyingi za Afrika. Mbegu zake ni nyepesi, na maji huzichukua mbali. Kwa hiyo mkulima na amwulize kwanza bwana shamba wa mahali pake. Akikubaliwa, asiupande ukingoni mwa mto wala kwenye mfereji. Aukate kabla maua hayajakauka na kutoa mbegu. Na vipande vilivyobaki asivitupe ovyo, kwani huota tena. Tena watu wengine huchemsha majani yake wakanywa kama dawa ya homa. Mgonjwa na aende zahanati apimwe damu.

Mkulima awezaye kuukata kwa wakati wake atapata mbolea bila kutoa senti. Asiyeweza, heri asiupande kabisa, kwani atakayeng'oa ni mtoto wake na jirani yake wa chini ya mto.